Tembo wa Shilingi Ishirini

Alinijia Kamukunji mwezi wa mvua, Syombua,
na gunia la sukari lililojaa vyuma,
akalimwaga juu ya bati nililokuwa nikilikunja.
Pedali mbili. Moja imevunjika goti.
Nikauliza: cherehani ya nani hii?
Akacheka hadi wale wa masufuria wakasitisha nyundo.
"Ni ya ngoma, fundi. Ya kupigwa kwa miguu.
Nina albamu ya kurekodi, na mguu wa kushoto umenisaliti."

Mimi ngoma naijua iliyowambwa ngozi,
inayooteshwa moto kabla ya harusi.
Zake zilikuwa na plastiki,
hazijawahi kusikia mbuzi akilia.

Goti nikaliunda kwa bawaba ya lango,
mnyororo nikautoa kwenye baiskeli ya muuza mkate,
springi – usiniulize nilikoitoa springi.
Kinyundo nikakichonga kwa boliti ya lori,
kwani cha manyoya, alisema,
huongea kama mtu aliyejifunika blanketi,
naye alitaka kila teke lisikike
kama jino likigonga kijiko.

Toazi lake kubwa lilikuwa na ufa
wa urefu wa kidole cha mtoto.
Jipya ni kodi ya miezi minne.
Nikachukua keekee, nikatoboa tundu dogo
pale pale ufa ulipokomea:
ukifika kwenye tundu, hukosa pa kushika.
Hilo nilijifunza kwa mapanga ya feni.
Akalitazama tundu muda mrefu.
"Laiti," akasema,
akaishia hapo.

Studio ilikuwa Ngara, chini ya duka la vitambaa.
Tulingoja wafunge. Saa nne usiku
Gathungu akatundika vipaza sauti kumi na vinne
kama muuguzi anayetundika dripu.
Sakafuni, zulia la mamake, lina doa la ndengu.
Tumboni mwa ngoma kubwa, mto na sweta kuukuu la shule.
Na pale pa kugongwa
akabandika kwa gundi sarafu ya shilingi ishirini,
tembo akitazama nje.
"Ili teke liwe na meno."

Nilidhani nitasikia ngoma.
Nilisikia mvua ya mawe juu ya mabati ya kwetu Lugari,
ile iliyoua kuku,
dakika nne na sekunde kumi na saba.
Mwanzoni niliziba masikio.
Kisha nikaanza kuutazama mnyororo.
Mapigo mia mbili na arobaini kwa dakika,
kinachosogea ni kifundo cha mguu tu,
uso umetulia kama wa anayechambua mchele.

Walirudia mara kumi na moja.
Mara ya tatu stima ilipotea. Akaendelea gizani.
Hakuna kilichonaswa, na ndiyo iliyozishinda zote;
Gathungu alikuwa ametoka kutafuta jenereta,
kwa hiyo shahidi ni mimi.

Mara ya saba Gathungu akainua mkono:
kuna panya humu.
Hakuwa panya. Lilikuwa goti langu.
Nikainama na mafuta ya cherehani, nimeona haya,
Syombua akaniwekea mkono begani. Acha.

Albamu ilitoka Novemba. Mwanangu akanichezea kwenye simu.
Sikuambulia neno; yule mwimbaji ni kama anatapika kokoto.
Ila wimbo wa tano, magitaa yaliponyamaza
kwa pumzi moja tu –
nwii.
Rudisha nyuma, nikamwambia.
Nwii.

Sarafu alikuwa amenirudishia siku ya mwisho.
Husemwa, wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.
Huyu alipigwa peke yake:
mkonga umefutika, limebaki sikio na jicho moja.
Nikaipeleka kwa Nyaguthii wa chai.
Akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akanirudishia.
"Hii pesa imefanywa nini?"
Haijafanywa kitu, nikamjibu. Imefanya kazi.
Akaniandikia chai kwenye daftari la madeni.