Kibaraza cha Mize

Mwanawe alipiga simu kutoka Maskati:
fundi, mjengee mama pa kukaa,
pale njia panda, mkabala na kituo cha afya,
watu wakingoja zamu wakae, wamuombee.
Akatuma pesa za mifuko minne ya saruji.
Nikanunua minne. Mmoja ulikuwa umeganda,
lakini hilo ni baina yangu
na muuza duka wa Konde.

Sikumwambia kwamba mamake hakuwa mtu wa kukaa.
Mize binti Shaame nilimjua miaka thelathini,
msibani kasimama, harusini kasimama,
akila huku anafagia;
sikuwahi kumwona kakaa ila juu ya mbuzi,
nazi mkononi, goti moja nje,
tayari kuinuka.

Niliandika kwa msumari wa inchi tatu:
MIZE BT SHAAME. SADAKA.
Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua.
Dada yake akasema: mwaka ule karafuu zilipozaa
mpaka matawi yakavunjika.
Kakake akasema la, ni mwaka wa pili yake,
ule zilipokataa.
Walibishana. Saruji haingoji ubishi.
Nikapaacha wazi.

Nikenda kuswali alasiri. Kurudi,
kuku keshapita:
vidole vitatu, vidole vitatu,
toka kwenye M mpaka ukingoni.
Ningepitisha mwiko nikafuta.
Lakini marehemu alikuwa akifuga kuku
na kuwapa majina ya mawifi zake,
nikasema, basi,
mmoja wao kaja kutia sahihi.

Huu mwaka wa sita.
Alfajiri kapu la boflo hutuliwa pale,
kabla duka halijafunguliwa, na hakuna aibaye.
Watoto wa skuli hunakiliana hesabu
huku mmoja akichungulia barabara.
Msimu ukifika wachumaji hushusha magunia,
punje za karafuu zikaingia ndani ya Z,
zikakaukia humo, ukipita wazisikia.
Faki Mcha alikesha pale usiku wa mvua,
mkewe yumo ndani, taa ya jenereta inakuja inazima;
asubuhi akatoka muuguzi, akamwambia, mapacha,
na yeye akabaki anakifuta kibaraza kwa kanzu yake
kama aliyekikopa.

Na mchana, jua likichoma,
mbuzi wa Bi Riziki hupanda akalala pale, anatafuna, hana habari.
Mie hupita na baiskeli yangu nikacheka peke yangu:
maisha yake yote Mize kakalia mbuzi,
leo mbuzi kamkalia Mize.

Jina lenyewe limeshuka kazini.
“Mpira umeangukia Mize.”
“Nisubiri Mize, nakuja na mwavuli.”
Mtoto mmoja aliniuliza Mize ni nini.
Nilikuwa na haraka, na ndoo kichwani mwa baiskeli.
Nikamwambia: ni kibaraza.
Jibu lile nilifika nalo nyumbani
kama kijiwe ndani ya kiatu.

Idi iliyopita mwanawe kaja.
Kateremka bandarini Wete, kachukua bodaboda,
kijana hamjui wala hamkumbuki;
akamuuliza, unakwenda wapi, mzee?
Akaanza kueleza: kuna kituo cha afya,
kulikuwa na mfenesi, sijui kama upo…
“Aa,” yule kijana akamkatiza, “sema Mize.”
Ameniambia hakutamka kitu njia nzima.

Nilimkuta ameinama, kidole gumba juu ya jina.
Makalio ya watu yamelila, M ndiyo hiyo kwa mbali,
SADAKA imebaki SA.
Nyayo za kuku tu ndizo zilizo kama jana.
Akanitazama.
“Fundi, hii ni mifuko minne kweli?”
Miaka sita nimelibeba swali lile.
Nikamwambia: mitatu. Na kuku.

Akacheka mpaka akashika ukuta.
Nikamwambia, kaa basi, umetoka mbali.
Hakukaa.