Nguo Yenye Masikio

Mji wetu jina lake ni Mashua, na hauna hata gati:
Łódź, matofali mekundu, mabomba marefu yasiyotoa moshi,
viwanda vya pamba vilivyogeuzwa mikahawa.
Mama alifuma humu miaka thelathini na mmoja.
Mitambo mia nne katika ukumbi mmoja;
wanawake wakisemezana kwa midomo bila sauti.
Alipostaafu akarudi na midomo ile,
masikio akayaacha kazini.

Mimi natarizi. Bendera za parokia, mashuka ya harusi,
jina la mbwa wa mtu kwenye blanketi.
Akaja Bogumiła wa chuo cha ufundi na kibunda cha uzi wa fedha,
uzi mwembamba, mkaidi:
nilivunja sindano tisa kabla ya chakula cha mchana.

“Nishonee kiraka,” akasema.
Nikamuuliza tundu liko wapi.

Milimita hamsini na mbili, juu ya sufu iliyoshindiliwa,
na nyuma yake kitambaa kingine cha fedha,
“kwa sababu mwili ni mlafi,” alisema,
“maji matupu, unayameza mawimbi kabla hayajaondoka.”
Nikizidisha milimita moja, koti linaita masafa mengine
na hakuna wa kuitika.
Mshono ukienda mshazari, umeme unajikwaa.
Nikajifunza kushona kwa kufuata njia yake,
mpitaji nisiyemwona.

Kwenye chumba kisicho na mwangwi,
kuta zake miiba ya sponji ya buluu,
wakamvika koti Ziemowit wa zimamoto.
Akasimama wima: mstari kwenye skrini ukazama pale pale.
Akainama kama anayeokota mtoto:
mstari ukateleza, ukapotea.
Bogumiła akavua miwani.
“Nani huzima moto amesimama kama mshumaa?”

Hapo ndipo nilijua jambo lisilojulikana na kompyuta yake.
Nimerekebisha makoti ya wanaume nusu ya maisha yangu:
kwapa huchoka, kiwiko huchoka, kiuno ndiyo usiseme.
Lakini nyuma ya bega, juu kidogo,
pale rafiki anapoweka mkono,
kitambaa hakichoki.
Tukakihamishia pale.
Ziemowit akainama, akatambaa, akajikunja;
mstari ukatikisika tu, kama aliyeitwa akiwa usingizini.

Bado kufua. Mara ya saba fedha inafifia,
na mashine ya kikosi cha zimamoto haina huruma.

Jumapili nilimpelekea mama lile koti.
Nikamwambia kwa midomo, kama zamani ukumbini:
hiki kinasikia. Kinasema pia.
Hakunijibu. Akalipindua ndani nje,
akapitisha kidole gumba nyuma ya mshono, polepole,
mfumaji hatazami uso wa nguo,
akasimama kwenye kona ya kushoto.

Fundo, akasema midomo yake.
Hapa. Nani kakufundisha kufunga hivi?

Nikatafuta mkasi.