Sweta la Sita

Safari haikuanzia kwenye gari. Ilianzia puani:
mama akivuta sanduku la bati kutoka uvunguni,
naftalini ikapanda, ikaishinda pweza ya jirani,
na masweta yakatoka kuota jua la Magongo
ambako hata ukuta hutoka jasho.

Masweta sita, watu watano.
La sita la mgeni, alisema mama,
huko juu hakukosekani anayetetemeka.
Bi Tatu akachungulia juu ya ua wa makuti:
"Haya, Wataita washaanza kuanika baridi yao!"

Kila Agosti. Kila Desemba. Saa kumi alfajiri
Pijo la baba likikohoa mara tatu ndipo likubali.
Nazi kumi na mbili kwenye buti,
papa mkavu ndani ya magazeti matatu, na bado ananuka,
ndimu kiganjani mwa Wakesho, ya kunusa akichefukwa,
na Mwakio, kitinda mimba, miguu juu ya dumu la rejeta.

Mazeras. Mariakani. Taru,
ambako hakuna la kuangalia na baba hutwambia: "Angalieni."
"Tuangalie nini?"
"Basi, angalieni."
Makinoni alipunguza mwendo, akashusha kioo,
akatoa shilingi ya msikiti.
Mkristo wa kipaimara, baba,
lakini barabara, alisema, ina dini yake.

Voi tukakunja kushoto.
Kisha Mwatate, na hapo mlima ukaacha kuwa picha.
Injini ikashusha sauti kama mtu aliyeingia msibani.
Baba alizikunja kona polepole,
kama anayekunja shati la mtu mwingine.
Wakesho alihesabu kona thelathini na tisa,
Mwakio arobaini na moja, pamoja na zile alizoota.
Mama hakuhesabu. Alishika mpini wa mlango
kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia gari lisiporomoke.
Masikio yakaziba. Tukapiga miayo ya uongo.

Palikuwa na kona moja, mwamba wake hulia maji
hata kiangazi. Hapo tulisimama. "Lipumue," alisema,
akainua boneti, na mvuke wa Pijo
ukaenda kuchanganyika na ukungu, usijulikane upi ni upi.
Kisha alinyoosha kidole mashariki:
"Ule mstari, mwauona? Ile ni bahari. Ile ni kwetu kwa pili."
Hatukuuona. Hata mara moja.
Miaka yote ile tuliitikia, "Twauona,"
meno yakigongana, tukiwaza uji wa nyanya kule Mgange.

Agosti hii nimeendesha mimi.
Presha ya macho imemhamisha baba kiti cha nyuma,
na kila kona anasema, "Gia ya pili, Mghoi,"
nami nimo gia ya pili tangu jana.
Nilidhani atalala. Lakini mwamba ulipokaribia
aliinua kichwa, akanusa.
"Simama. Lipumue."
Gari hili halichemki, baba, ni jipya.
"Lipumue."

Akashuka, mkono mmoja begani mwangu,
akanyoosha kidole, safari hii kuelekea bondeni,
kwenye mashamba ya kabichi ya watu.
"Leo inaonekana vizuri," akasema.
Nikatazama kabichi.
Nikatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama nikiwa mtoto.
"Vizuri sana," nikasema.

Jumapili tumerudi Magongo, buti limejaa parachichi.
Mama ameanika masweta kabla ya kuyarudisha sandukuni,
yangali mazito kwa ukungu, vishona nguo vimenasa mikononi.
Bi Tatu, magoti hayampandishi tena hata ngazi ya zahanati,
ameita kutoka upande wake wa ua:
"Hebu nipeni hilo la mgeni.
Miaka thelathini mwanianikia baridi, sijaionja."

Akalivaa juu ya leso, saa saba mchana,
akafunga vifungo vyote mpaka kooni,
jasho likimchuruzika, akicheka,
na baba, kwenye kibaraza, akageuza uso kulikotoka sauti:
"Ziba masikio, Bi Tatu. Kisha meza mate."