Nzuri, Ila

Saa kumi na moja alfajiri, Kabale.
Ukungu umeshuka toka Rushoroza hadi magotini mwa mji
na mimi nabonyeza kitufe.
Inawaka. Inavuta pumzi tatu, ya nne inakwama,
inazima kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya sentensi.
Nabonyeza tena.
Bi Kebirungi amesimama na gunia lake la viazi,
hasemi neno. Kimya chake kina bei.

Stejini kila kinywa kina dawa.
Badili plagi. Nikabadili.
Petroli ya pale ina maji. Nikanunua kwingine.
Ifunike usiku. Nikaifunika blanketi la mistari,
la kaka yangu Akampurira,
na asubuhi ikazima chini ya blanketi, kwa heshima zote.
Iuze, wakasema, rudi kwenye kabureta,
choki ukiivuta unajua umeivuta;
hizi za kompyuta zina kichwa chao.

Fundi Orishaba, nyuma ya kinu cha mtama,
hakugusa spana.
Aliuliza kwanza ilikotoka.
Arua, nikasema, kwa mtu wa Arua.
Akaguna, mguno mrefu.
Akafungua kitambuzi cha joto,
kidogo kama kidole gumba cha mtoto,
akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya kisima,
akabana mita mwisho wa waya wake.
Sindano ikatulia mahali.
Akamwaga maji, akachukua chai yangu, ya moto, bila kuniomba.
Sindano palepale.

"Unaona? Alfajiri kompyuta inauliza: hujambo huko?
Hiki kinajibu: sijambo.
Na baridi je? Baridi gani?
Basi inapima petroli ya injini iliyokwisha pata moto,
tonge la aliyeshiba,
inampa mwenye njaa."

Akachubua mkanda mweusi.
Ndani, kirezista kimeunganishwa kwa risasi,
kazi ya mchoyo wa mafuta, au mjanja tu.
Kule kwenye joto hakikumdhuru mtu.
Huku, karibu mita elfu mbili juu, hewa nyembamba,
uongo uleule unazima pikipiki.

Akakikata. Nikadhani tumemaliza.
"Bado. Sasa itasema kweli,
lakini hesabu ya kumjibu msema kweli iliharibiwa pia."
Akachomeka kisanduku chenye kioo kilichopasuka,
akaongeza muda wa nozeli kufunguka:
sehemu ya elfu ya sekunde, na nusu yake.
"Ilale hapa. Baridi haiigizwi,
kwa siku tunajaribu mara moja."

Asubuhi ya kwanza ikatema moshi mweusi, plagi ikalowa.
Akapunguza.
Ya pili ikashika, ikasitasita, ikafa mlangoni.
Akaongeza nywele moja.
Tukiwa tumekaa juu ya tairi kuukuu akaniuliza,
na nyumbani?
Nzuri, nikasema.
Tangu mlipomzika?
Nzuri.
Akanitazama alivyoitazama ile mita.

Ya tatu, kabla ya jogoo wa jirani,
nikabonyeza.
Ikaamka na kelele, ikikohoa, ikila petroli bila haya,
mlio juu juu kama mtu anayelia mbele za watu,
nami nikataka kuinyamazisha, mkono ukaenda kwenye ufunguo.
"Iache," akasema fundi.
Tukaiacha.
Dakika mbili, tatu. Mvuke ukatoka mapezini.
Kisha mlio ukashuka wenyewe, taratibu,
kadiri chuma kilivyopata joto la kweli.

Bi Kebirungi akafunga gunia, akapanda nyuma yake,
akajitanda kanga hadi masikioni.
Habari za asubuhi, kijana?
Nzuri, nikasema, gia ya kwanza chini ya kiatu.
Nikanyamaza. Injini haikunyamaza.
Nzuri, ila...

"Mlima ni mrefu," akasema. "Sema."