Mbwa wa Rotterdam

Nachora mbwa waliokufa. Ndiyo kazi yangu.
Watu hunitumia picha, nami hapa Pleven,
dirisha limeganda, soksi mbili kila mguu,
namrudisha Fritz, namrudisha Bolle,
namrudisha yule kipofu wa Turku
aliyezoea kulalia kiatu cha bwana wake.
Euro ishirini na tano kwa faili moja.
Soko la mtandaoni linachukua tano,
na nani asiyemlipa mwenye gulio?
Hilo sikulilalamikia.

Kilichoninyima usingizi ni barua.
Bwana Penchev, mhasibu, kaisoma mara mbili,
kavua miwani, kaifuta kwa ncha ya tai.
"Zlatina, wale wenye soko wako nje ya nchi.
Hiyo tano wanayokukata ni huduma wamekuuzia.
Huduma ina kodi. Kodi hiyo
hawailipi wao, unailipa wewe."
"Kodi ya kukatwa?"
"Kodi ya kukatwa."

Kunyolewa bila maji nilikusikia tangu utotoni.
Sikujua kwamba baadaye
huletewa ankara ya wembe.

Tena, kasema, mchoro ukipita kwenye waya
kodi yake humfuata mnunuzi aliko.
Mbwa wa Rotterdam ana asilimia yake,
wa Turku yake,
wa Budapest yake, nzito kuliko wote,
ingawa alikuwa kijibwa cha kubeba kwenye kikapu.

Nikaenda ofisi ya mapato na koti la mama.
Dirisha la nne: kazi ya mkono ni kazi ya mkono.
Dirisha la sita: faili ni faili.
Dirisha la tano limefungwa, ameenda kula.
Nikawaandikia wenye soko: mnakata ipi, mnaniachia ipi?
Likanijibu jambo lisilo na jina wala usingizi,
"Asante kwa subira yako."
Sikuwa nimesema nina subira.

Usiku najaza.
Nchi, tarehe, kiasi, nchi.
Kila mteja athibitishwe makazi kwa njia mbili,
mtu anayelia athibitishwe makazi kwa njia mbili.
Penseli imelala kwenye kikombe siku ya tisa leo
na Fritz bado hana mkia.

Halafu Januari akaja Bibi Hendrikje Boersma.
Mumewe alizikwa masika. Nyumba ya Rotterdam imeuzwa.
Alikuwa njiani kwenda Linz kwa bintiye,
mbwa kwenye kiti cha nyuma,
na karibu na Würzburg, kwenye kituo cha mafuta,
Sjors hakuamka.
Kadi ya benki ni ya Uholanzi. Simu ni ya Austria.
Mahali pa anwani ameacha wazi.

Fomu ikaniuliza: mteja anaishi wapi?
Nikaona haya, nikamuuliza.
Akajibu baada ya siku mbili:
"Sijui, mpenzi. Nimefungua sanduku moja tu,
na lilikuwa la vikombe."

Nikaandika Uholanzi, nikafuta.
Nikaandika Austria, nikafuta.
Nikaandika Würzburg, nione tu;
kisanduku kikageuka chekundu.

Basi nikaitoa penseli kikombeni.
Nilianza na sikio la kushoto, lililopinda kwa ndani,
kisha pua, kisha ule ukungu
ambao pumzi ya mbwa huuacha kwenye kioo cha gari.
Hadi saa kumi alfajiri alikuwa ananitazama.
Nikamtuma. Mahali pa bei nikaandika: bure.

Asubuhi Bwana Penchev kaikuta kwenye orodha,
kaisogeza karibu na taa,
kawasha sigara nyingine juu ya ile ya kwanza.
"Bure," kasema taratibu, kalamu mkononi.
"Bure ya euro ngapi?"