Jogoo wa Bati

Huku kwetu Transilvania, bonde la miti ya plamu,
mnara wa kanisa hauna msalaba.
Una jogoo.
Wageni hucheka: kumbe mnamwabudu kuku?
Hatumwabudu. Tumemweka juu ili atuaibishe.

Upepo wa Machi ulimng'oa. Wakamleta kwa baba,
Ambrus mfua bati, amefungwa blanketi kama mgonjwa.
Mkia umepinda. Kifuani matundu mawili ya risasi
za vita ambavyo hakuna tena anayebishania nani alishinda.
Nilishika taa. Baba hakuanza kazi.
Alimtazama ndege, na ndege, kwa jicho lake la msumari,
akamtazama baba.

Nilijua kidogo. Kijiji chote kilijua kidogo.
Majira ya baridi kali walimchukua Mchungaji Mózes usiku.
Kulipokucha wakamwita baba mjini, chumba chenye jiko,
na kwa kuwa alitetemeka, wakamruhusu aote moto.
Unamjua mtu huyu?
Aliyembatiza mwanao. Aliyekula kwako supu ya kabichi.
Simjui, alisema baba. Akatia saini.
Mchungaji hakurudi. Hata kaburi la kupalilia hatuna.

Basi baba akaanza kulipa.
Miaka ishirini na miwili alitengeneza mifereji ya paa la mjane
bila kupokea senti. Bomba la moshi, ndoo, beseni.
Kila kiungo alikilehemu kama mtu anayeziba mdomo.
Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango,
na kikombe cha Meza ya Bwana kilipokaribia
alitoka nje kukohoa.

Siku ya tatu ya jogoo, mjane Piroska alibisha hodi,
viatu vyake vimejaa theluji ya matope.
Akamimina mfuko mezani: noti, sarafu,
hata zile zisizotumika tena, zenye sura za wakubwa walioangushwa.
"Hizi ni za mifereji. Zote. Niliandika mwaka kwa mwaka.
Kazi yako nailipia, Ambrus.
Msamaha wangu huulipii.
Niliuleta zamani mlangoni pako; ni wewe uliyekuwa unagonga nyundo
usisikie."

Baba alilia kwa sauti ya bati linalokatwa.

Katekisimu niliikariri nikiwa na miaka kumi na miwili:
kwa neema, kwa imani, si kwa matendo.
Majibu yalinitoka kinywani kama kokwa za plamu, makavu.
Usiku ule nilionja tunda.

Yesu ni nani? Wenye vitabu vinene na waseme, nitasikiliza.
Mimi najua kwamba uani, penye moto wa makaa,
rafiki alimkana mara tatu, na jogoo alipowika
yeye, mikono imefungwa, aligeuka.
Alitazama tu.
Na alfajiri nyingine, kaburi likiwa limebaki na sanda,
aliwasha makaa mengine ufuoni, akachoma samaki.
Mungu mwenye makovu, moshi machoni,
akimngoja aliyemkana aje kula.
Hakuuliza umenitengenezea nini tangu siku ile.
Aliuliza kama anapendwa. Akauliza tena.
Na kati yao hapakuwa na mtu wa tatu wa kupeleka maneno,
wala mizani. Palikuwa na mkate.

Chini ya jogoo kuna tufe la shaba, na ndani yake
mafundi huachiana barua. Tulikuta moja ya zamani:
bei ya ngano, kipindupindu, majina ya waliozikwa.
Baba akaandika yake. Jina, tarehe, bei ya bati.
Kalamu ikasita hadi chai ikapoa. Kisha:
*Nilidaiwa. Nimelipiwa.*
Hakusema na nani. Watakaolifungua watajua,
au wataulizana, ambao nao ni mwanzo.

Jogoo amerudi juu. Matundu ya risasi
baba alikataa kuyaziba; upepo hupita humo ukipiga mluzi.

Pasaka kikombe kilifika benchi la nyuma.
Alikohoa, ndiyo.
Lakini alikohoa akiwa amekaa.