Kiti cha Keria

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.
Juu ya mshika tatu hawakusema neno.
Labda walimwona mwendawazimu, wakamwachia Mungu.

Mimi ni karani wa mizani kwenye saruji, Pongwe.
Fundi sijawahi kuwa. Nasema mapema
kwa sababu juzi mtu wa Barabara ya Kumi na Nne
alinijia na oda ya kabati, pesa mkononi,
nikamwambia, ndugu yangu,
kabati langu mwenyewe nimelinunua dukani.

Nilichonacho ni kibaraza cha nyuma, futi sita kwa nane,
jiliwa ya marehemu mjomba Shekiondo,
randa moja yenye jino la kubembelezwa,
na saa moja na robo
kati ya swala ya isha na sauti ya Tatu dirishani:
"Mhina, mtoto amelala. Hiyo nyundo."
Baada ya nyundo kuna msasa. Msasa haupigi kelele.
Ndiyo maana kila ninachotengeneza
ni laini kupita kiasi, na hakisimami sawa.

Alfajiri ni ya baiskeli.
Hapa Tanga, kumwambia mtu unaendesha baiskeli kwa kujifurahisha
ni kama kumwambia unakunywa maji kwa kujifurahisha.
Muuza maziwa ananipita Nguvumali na madumu manne,
ndala miguuni, anapiga mluzi.
Mimi nina kofia ngumu, natweta.
"Safari ya wapi, mzee?"
Amboni na kurudi.
"Kuna nini Amboni?"
Hakuna kitu.
Ananitazama kwa huruma, ananitakia afya njema.

Mwanaheri alikuwa na miaka minne
aliposhika njiti za gurudumu la nyuma, akakataa kuziachia.
"Na mimi."
Ndipo nikaona, kwa ujanja wa mtu mvivu,
kwamba kiti kimoja cha mbao juu ya keria
kingelipa madeni yangu yote matatu.
Nikapata kipande cha mtiki kutoka Muheza, mabaki ya mlango.
Nikampima kwa uzi: kiuno, paja, goti hadi kisigino.
Uzi ulimtekenya, akacheka hadi akapata kwikwi.
Urefu wa goti niliuchora ukutani kwa penseli.

Nikaanza.
Mfungo ukaja, ukapita, ukaja tena.
Ndimi nilichonga mara mbili, maana za kwanza
zilicheza tunduni kama jino la mtoto.
Masika yakanyesha. Mtiki haukujali, mimi nilijali.
Hemedi akazaliwa, na ile saa moja na robo
ikawa robo,
ikawa kusimama tu kibarazani nikinusa maranda,
mtoto begani, amenicheulia.
Kuna juma zima nilichofanya ni kunoa patasi.
Kuna juma jingine nilijidanganya kuwa nimenoa.

Jumapili hii nimekaza skrubu ya mwisho.
Nikamwita. Akaja mbio, akageuka, akakaa.
Hakukaa. Mapaja yalikataa.
Akajaribu kiubavu. Akanitazama
ninavyotazama mimi lori lililozidisha uzito.
Ukutani, alama ya penseli
ilikuwa vidole vinne chini ya goti lake.
"Baba, hiki cha nani?"
Tatu alikuwa na jibu. Alijifanya anatafuta chumvi.

Kisha akachukua baiskeli yangu, hakuomba,
akapenyeza mguu ndani ya fremu,
mwili upande huu, baiskeli upande ule,
akazunguka kiwanja cha akina Semkiwa mara tatu,
akarudi, vumbi hadi kwenye kope.
Nani kakufundisha? Lini?
"Ulikuwa unapiga msasa."

Kiti kiko kibarazani. Kuku wa jirani amekikagua,
ameridhika na vipimo, ametaga mayai mawili juu ya maranda.
Hemedi ana miezi mitano. Hesabu naijua. Sisemi kitu.

Leo alfajiri Amboni imeningoja bure.
Nilikuwa kiwanjani, nakimbia nyuma ya baiskeli yangu mwenyewe,
sijashika chochote, ndala moja imebaki njiani,
na yeye anapiga kengele, anapiga kengele,
kana kwamba mimi ndiye niliyemzibia njia.